Barua kwa mwanangu: robo saa ya maji

Mwanangu kipenzi,

Waalaikum salaam warahmatullah. Ujumbe wako umefika, na pole zako kwa msiba wa shangazi tumezipokea sote hapa nyumbani. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja, nami naona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu hayaenei. La kwanza ni la mirathi: umepata nusu athar ya maji ya falaj, ule mfereji wetu wa kijiji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, yaani robo saa kila siku ya nane, nawe uko Manchester. Uifanyie nini? La pili ndilo lililonikalisha kitako. Umesema kazini kwenu yalizuka mazungumzo kuhusu watu wa majangwani, kila mtu akawa anawasifu kwa namna wanavyothamini mazingira yao, na wewe mtoto wa Sharqiya, huku Oman, ukakaa kimya. Moyoni ulikuwa ukisema: "Huo ni umaskini tu. Hawakuwa na njia nyingine. Wape pampu uone kama watathamini chochote." Kisha ukaniuliza kama nakubali.

Nusu yake nakubali, na nianze na nusu hiyo.

Pampu walipewa. Nenda Batinah, ule ukanda wa pwani unaotoka Muscat kuelekea Sohar na mpaka wa Emirates. Zamani kila bustani pale ilikuwa na zajra: kisima, gurudumu la mbao juu yake, na ng'ombe dume anayeteremka njia ya mteremko akivuta kamba huku kiriba cha ngozi kikipanda na maji. Wazee wa Batinah hadi leo wanaukumbuka mlio wa gurudumu lile alfajiri. Ng'ombe akichoka, maji yamekwisha kwa siku hiyo, na akiugua, bustani inangoja. Hakukuwa na sheria kubwa ya kugawana kwa sababu haikuhitajika. Kisima kilikuwa cha mwenyewe, na nguvu za mnyama ndizo zilizosema basi.

Halafu ikaja pesa ya mafuta. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, na baada ya 1970, Sultan Qaboos alipotawala, pampu za dizeli zikaenea Batinah nzima. Pampu haichoki. Watu wakapanua mashamba, wakapanda maembe na ndimu na majani ya mifugo yanayokunywa maji mwaka mzima, na kila mmoja alikuwa anavuta kutoka ndani ya uzio wake mwenyewe. Sasa, maji matamu ya pwani hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi ya bahari. Ukiyavuta kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari inaingia chini kwa chini kuchukua nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa. Visima vilivyo karibu na bahari vikageuka chumvi kwanza, na baada ya hapo vile vya nyuma yake. Ukipita leo utaona mitende imesimama bila vichwa, vigogo vitupu, na bustani zilizouzwa kuwa viwanja. Serikali imejenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ya wadi, yale mabonde yanayopitisha maji mvua ikinyesha, ili maji yazame ardhini, la al-Khawd likamalizika mwaka 1985, na yamesaidia. Lakini chumvi ikishaingia, kuitoa ni kazi ya vizazi.

Kwa hiyo umesema kweli, mwanangu: watu wale hawakuwa na mapenzi ya ajabu kwa maji yanayozidi mapenzi ya mtu wa Manchester. Walipopewa njia ya kuyamaliza, waliyamaliza. Nakuomba uwaambie hivyo wenzako kwanza, kabla ya sifa yoyote, kwa kuwa sifa zile zinatufanya tuonekane kama watu wa aina nyingine, watu tusio na tamaa.

Ila jiulize: wakati huohuo, nchi hiyohiyo, watu wa dini moja na mara nyingi wa kabila moja, ndugu kwa ndugu, upande wa ndani wa milima ya Hajar nao walipata pampu. Walipata lami, mashule, mishahara, magari. Umaskini uliondoka huku kama ulivyoondoka kule. Mbona maji yetu bado yanapita chini ya dirisha hili ninapoandika? Hesabu iliyofanywa nchini ilikuta falaj takriban 3,000 zinazotiririka. Tano kati yake, kama Daris ya Nizwa na al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, UNESCO iliziandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nyingine kadhaa zimekufa, sitaki kukuficha. Lakini hizi zinazoishi zinaishi katikati ya watu wenye uwezo wa kuziua kesho asubuhi wakitaka. Umaskini hauwezi kulieleza hilo.

Mimi, unajua, sikuzaliwa nalo jambo hili. Nimezaliwa Wete, na Pemba inapata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Sisi masika ikija tunatafuta pa kujificha. Nilipofika huku katikati ya miaka ya sabini, bibi harusi mwenye Kiarabu cha kuokoteza, mvua ya mwaka mzima ilikuwa milimita 100 hivi, na miaka mingine hata hiyo haikuja. Bibi yako, mavyaa wangu, Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja lakini alirudishwa mdogo, akajua lugha zote mbili. Yeye ndiye aliyenitembeza kando ya falaj tangu inapotokeza ardhini mpaka inapoishia, na akanionesha kila mahali na kazi yake.

Pale maji yanapotoka gizani kuingia kwenye mwanga panaitwa sharia. Hapo ni pa kunywa tu na kuchota. Hakuna anayetia mguu, hakuna anayeosha chombo, na hapo hakuna hisa: mpita njia, mgeni, Bedui aliyeshuka na ngamia wake, mtu mliyegombana naye, wote wanakunywa bila kuuliza. Chini yake ndipo pa msikiti na udhu. Kisha mabafu, ya wanaume na ya wanawake kila mmoja mbali na mwenziwe, kisha pa kufulia na kuosha vyombo, na pa kuoshea maiti. Baada ya hayo yote ndipo maji yanapoingia bustanini, na hapo tu ndipo yanapokuwa na mwenyewe. Nilikuwa msichana wa kisiwani, sikuwa nimepata kuona maji yakipangiwa heshima zake kwa mstari namna ile, haja ya roho mbele na mali nyuma.

Falaj yetu ni ya aina wanayoiita Daudi. Kule juu, chini ya mlima, kuna kisima kirefu wanachokiita mama wa falaj, kilichochimbwa hadi kukutana na maji. Kutoka hapo limechongwa handaki chini ya ardhi, kilomita kadhaa, kwa mteremko mdogo sana, mpaka usawa wa ardhi ya kijijini ukutane na usawa wa maji. Kila baada ya hatua kadhaa kuna shimo la kuingizia hewa na kutolea udongo. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Suleiman bin Daud alipita Oman akibebwa na upepo, akaona nchi kavu, akawaamrisha majini wachimbe falaj elfu moja kila siku kwa siku kumi. Wanahistoria wanataja miaka kama 1,500 iliyopita kwa zile tano za UNESCO, na umwagiliaji wa kale zaidi ya hapo. Kwa swali lako, jambo kubwa ni hili: hakuna injini na hakuna ndoo. Falaj haiwezi kuvuta. Inapokea kile mlima unachoachia, ikinyesha inajaa, isiponyesha inapungua, na hakuna mtu kijijini, hata sheikh, anayeweza kuitoa zaidi.

Kwa kuwa haiwezi kuongezwa, imebaki kugawanywa. Na kugawanya huko ndiko hasa ninakotaka ukuelewe, mwanangu.

Kipimo chetu ni muda. Athar moja ni nusu saa ya maji yote ya mfereji. Mchana arif, yule msimamizi wa zamu, alipima kwa kijiti kilichosimikwa na kivuli chake, na usiku kwa nyota zinapochomoza juu ya kilima au ukuta. Wapo wakulima waliojua nyota ishirini na zaidi kwa majina, na Thuraya ni mojawapo ya zile maarufu. Siku bibi yako aliponionesha Thuraya nilicheka, kwa sababu ndiyo Kilimia yetu, ile ambayo babu zangu Pemba walikuwa wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kule inamwambia mkulima msimu, huku ilimwambia mtu aamke, zamu yake imefika, akafungue mlango wa maji kwa jembe na kitambaa. Sasa wanatumia saa na simu, ingawa kuna vijiji ambavyo kijiti kile kilikuwa kikitumika hadi miaka ya karibuni.

Zamu yako ikipita ukiwa umelala, imepita. Huwezi kusema kesho nitachukua mbili. Na jirani akimaliza dakika yake ya mwisho na mzizi mmoja haujalowa, anafunga. Nimeona watu wasiosalimiana mwaka mzima kwa ugomvi wa ardhi, lakini kila mmoja anamfungia mwenziwe maji kwa wakati bila kuiba hata kidogo. Hawapendani. Wanashika zamu.

Miaka ya ukame ndiyo inayoonesha zaidi. Unazikumbuka bustani za chini, kule mwisho wa mfereji, mara nyingine za kijani, mara nyingine vumbi tupu? Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini mwenye nazo ni mvivu. Hakuwa mvivu. Bustani za falaj zimegawika kimya kimya sehemu mbili: ya juu ni ya mitende, ya chini ni ya mazao ya msimu, ngano, vitunguu, kitunguu saumu, majani ya mifugo. Mvua ikiwa nzuri, watu wanalima hadi chini kabisa. Falaj ikianza kupungua, sehemu ya chini hailimwi, hata kama wewe una hisa kubwa na mbegu unazo. Maji yote yanarudi kwenye mitende. Ukame ukizidi, mifereji iliyokuwa miwili inafanywa mmoja, mzunguko unarefushwa, mtu anayepata siku ya nane anangoja zaidi. Mtende mkubwa unavumilia, unaweza kukaa bila maji kwa muda ambao ngano ingekuwa imeshakauka, na ukifa umepoteza kazi ya miaka mingi ya aliyeupanda. Kwa hiyo kinachoachwa ni kile kinachooteshwa upya mwaka mmoja, na kinacholindwa ni kile kilichochukua umri wa mtu. Mji mzima unapungua na kutanuka kwa kufuata maji. Mimi naona hiyo ndiyo elimu kubwa kuliko zote walizonayo hawa watu, kubwa kuliko handaki lenyewe: kukubali mapema kuwa mwaka huu sisi ni wadogo.

Na mitende nayo wanaitendea hivyo hivyo. Hakuna kinachotupwa. Makuti yanaezeka na kujenga uzio, nyuzi ni kamba, kokwa ni chakula cha ng'ombe. Kule pwani walifunga makuti hata kuwa mitumbwi ya kuvulia. Mwezi wa Julai hapa Sharqiya kuna tabsil, wanapochemsha tende za mabsali kwenye masufuria makubwa na kuzianika kwa ajili ya soko la India. Na unajua tende za huku ndizo majahazi yalizoleta Unguja na kaskazi, pamoja na papa mkavu. Mama yangu alizinunua Wete bila kujua kuwa iko siku bintiye ataoshea vyombo kwenye maji yaliyozinywesha.

Sasa kuhusu pesa. Nilipofika nilidhani maji matakatifu namna hii hayauzwi. Yanauzwa, mwanangu, na sana. Kuna mnada wa maji, dalali anasimama anataja athar moja moja, watu wanapandisha bei, na katika ukame bei inapanda kweli. Hisa zinarithiwa kwa faraidh, wanawake na wanaume, ndiyo sababu shangazi alikuwa nazo. Zinakodishwa, zinawekwa wakfu. Hisa nyingine ni za falaj yenyewe, pesa zake zinalipa wanaoingia handakini kutoa udongo na mizizi. Nyingine ni za msikiti, nyingine za futari ya Ramadhani, nyingine zamani zililipa walimu wa Kurani. Yote yanaandikwa kwenye daftari, wakil anasimamia, karani wa daftari anahesabu mbele ya watu. Bei ipo, lakini imezungushiwa mambo yasiyo na bei: maji ya kunywa kwenye sharia hayana mnada, na ardhi inayozunguka mama wa falaj haina ruhusa ya kisima.

Hili la mwisho wanaliita harim. Vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, madhehebu ya huku Oman, viliandika umbali huo kwa dhiraa tangu karne nyingi nyuma: ndani ya eneo hili usichimbe, kwa kuwa kisima chako kitanyonya maji ya wote. Ardhi inaweza kuwa yako, hati unayo mkononi, na bado huchimbi. Mwaka 1988 amri ya Sultan ikayatangaza maji ya ardhini kuwa mali ya taifa, na kanuni za visima zikafuata, lakini wazee walichokisikia humo kilikuwa jambo walilolijua. Hapo ndipo zilipoachana njia za Batinah na huku kwetu. Pampu ilipofika kwenye falaj ilikuta tayari kuna mlango umefungwa na watu wenye haki ya kuulinda, wenye daftari na majina. Pale ambapo mlango huo ulivunjwa, mtu akachimba juu ya mama wa falaj na akaachwa, falaj ilikufa kwa miaka michache. Vijiji hivyo vipo, na watu wake wamehamia mijini.

Kwa hiyo unaponiuliza kama wanathamini kweli, mimi sitazami wanachokipenda. Natazama wamekubali kujinyima nini, na nani ana haki ya kuwazuia.

Usije ukaipamba historia hii mbele ya wageni, lakini. Imam Saif bin Sultan, ambaye wanahistoria wa Oman wanamsifu kwa kufufua falaj na kupanda mitende kwa maelfu, ndiye huyohuyo ambaye watu wake waliiteka Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Utajiri wa bahari uliingia kwenye mahandaki haya. Na bustani za mitende za Oman zilifanyiwa kazi pia na watumwa waliovushwa kutoka upande wetu wa bahari. Zamu ilikuwa ya haki kwa mwenye hisa, na aliyeshika jembe mara nyingi hakuwa na hisa. Bibi yako hakupenda jambo hili litajwe mbele ya wageni. Mimi nataka ulijue, maana maji unayoyarithi yamepita kwenye mikono hiyo.

Nikuongezee habari ya wale wa jangwa lenyewe, kwa sababu sisi wa falaj ni watu wa ukingoni. Ukitoka kwetu kwenda kusini unaingia kwenye mchanga, na huko kuna msitu wa mighaf inayokulia mchangani, mizizi yake inashuka makumi ya mita kufuata unyevu. Bedui wa kule huchukua kuni za mti uliokufa; mti mbichi ni kivuli, ni chakula cha mbuzi, na ni hema siku ya joto. Mbele zaidi, kwenye uwanda wa mawe wa Jiddat al-Harasis, hakukuwa hata na kisima mpaka kampuni ya mafuta ilipochimba katika miaka ya 1950. Majani ya kule yanaishi kwa ukungu unaotoka Bahari ya Arabu, na Waharasis, kabila la kule, waliishi kwa maziwa ya ngamia na mbuzi waliokula majani yale.

Huko ndiko alikokuwa choroa mweupe, yule mnyama wa pembe ndefu wa jamii ya swala. Wa mwisho wa porini aliuawa mwaka 1972, na wawindaji waliokuja na magari, si na Waharasis. Sultan akaagiza warejeshwe, wakaletwa kutoka kundi lililofugwa Marekani, na mwaka 1982 kumi wa kwanza wakaachiwa. Walinzi wao walikuwa Waharasis wenyewe, vijana waliojua kusoma nyayo za mnyama mmoja mmoja. Kundi likafika kama 450. Mwaka 1994 UNESCO ikaiandika hifadhi yao kwenye urithi wa dunia. Halafu kuanzia 1996 wakaja majangili, wanakamata majike hai kuwauzia matajiri wa kukusanya wanyama, na serikali baadaye ikapunguza hifadhi kwa asilimia 90 kwa ajili ya kutafuta mafuta. Mwaka 2007, waliobaki wakiwa 65 hivi, UNESCO ikaifuta kwenye orodha, ya kwanza kufutwa duniani. Jambo hili linaniuma kila nikilisoma. Walinzi hawakupungua mapenzi. Mlango wao haukuwa na kufuli, na waliokuwa na uwezo wa kuutia kufuli waliangalia kwingine.

Hata falaj yetu haijasalimika. Kimbunga Gonu mwaka 2007 kilijaza mahandaki mengi mawe na matope, na kuyatoa kuligharimu pesa na watu. Wanaofungulia maji siku hizi ni vijana wa Bangladesh, wapole na wachapa kazi, lakini wakimaliza mkataba wanaondoka na wanachokijua. Watoto wetu wako Muscat na kwenu huko. Kando ya wadi siku ya Ijumaa watu wa mjini wanaacha chupa na sahani za plastiki mpaka unaona haya. Arif wetu ana miaka mingi na hajapata wa kumrithi, na hilo linanitia hofu kuliko ukame.

Basi nirudi kwenye robo saa yako.

Kuiuza ni halali, na hakuna atakayekusema vibaya. Kama una shida ya pesa, niambie, na nitakutafutia mnunuzi mwenye mitende. Kama huna shida, ushauri wangu ni usiuze. Bustani za shangazi ziko kwa kaka yako, na maji yake peke yake hayazitoshi wakati wa kiangazi, kwa hiyo mkodishe yeye kwa bei ya mnada, mwandikiane, msifanyiane udugu katika hesabu. Kodi usiitumie yote. Weka fungu kwa usafishaji wa handaki, maana mwenye hisa aliye mbali ndiye wa kwanza kusahau kulipa, na falaj hazifi kwa pampu pekee, zinakufa pia kwa hisa zisizo na mwenye kuja kwenye kikao. Kila mwaka baada ya mavuno wenye hisa wanakutana. Kaka yako atakuwakilisha, lakini mwaka utakaokuja likizo, panga uje wakati huo badala ya Desemba, ukae kwenye kikao, usikie daftari likisomwa na jina lako likitajwa. Kuna wanawake wengine wenye hisa, hutakuwa peke yako, na mimi nitakuwa pembeni yako.

Ukiamua badala yake kuiweka wakfu kwa jina la shangazi, nitafurahi zaidi, ila fikiri kwanza, kwa kuwa wakfu haurudi.

Kwa vyovyote vile, karani anataka barua ya uwakala yenye muhuri wa ubalozi wetu London, jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na nakala ya hati ya mirathi. Itume kwa kaka yako kabla tende za khasab hazijakatwa, maana baada ya hapo daftari linaandikwa upya, na hisa isiyo na jina inaingizwa mnadani mwaka mzima.

Baba yako anakusalimu. Mguu wake unaendelea vizuri.

Mama yako